Daktari Anapata Tabasamu, Sumie Anapata Meno

Mshauri mpendwa, nisaidie, na ukishindwa kujizuia cheka tu, mke wangu Sumie ameshakutangulia. Nina saratani iliyoingia kwenye uti wa mgongo, na maisha yangu yote nilipokea wageni kwenye hoteli ya maji moto, kazi yangu kuinama na kutabasamu, basi daktari akiniuliza, "Maumivu vipi leo, mzee?" mwili unainama wenyewe, mgongo unawaka moto, machozi yananilenga, na mdomo unajibu, "Kwa hisani yako, daktari, sijambo kabisa," naye maskini anafurahi, narudi na vidonge vilevile, na nikivuka kizingiti tu nageuka simba, Sumie akigonganisha bakuli namfokea, akinyamaza namfokea kwa kunyamaza. "We baba vipi?" ananiuliza. "Daktari apate tabasamu, mimi nipate meno?" Siku alipotaka kumwambia daktari ukweli nilimkanyaga mguu, maana naogopa kupewa mofini, ile dawa kali ya maumivu, dawa ya kuagia dunia.

Juzi mjukuu wetu Kotoha, wa miaka minne, alinirukia mgongoni kama kawaida yake, nikapiga yowe na kumsukuma, akaanguka kwenye mkeka wa tatami. Sasa akija anasimama mlangoni na kuniinamia kwa adabu, kama mgeni. Nimefundisha vijana wengi kuinama vile, sikujua kuinamiwa kunauma hivi. Nifanyeje anirudie?

Mpokea Wageni, Nagaoka

Mpokea Wageni, pole sana. Nimecheka, kisha nikakasirika. Daktari si mgeni wa hoteli! Anakuuliza apate habari, wewe unampa heshima, atatibu nini? Unamstahi mtu anayelipwa kusikia mabaya, halafu unawararua wanaokupenda bure. Acha upuuzi. Na mofini haitolewi kwa wanaokufa tu. Hayo kamuulize daktari, si wazee wenzako unaooga nao kwenye maji moto.

Usingoje siku ya kliniki, piga simu kesho asubuhi. Nenda na Sumie, yeye ndiye aongee, na miguu yako ikae chini ya kiti chako. Sumie umwombe radhi kwa maneno, kuinama kwako kumetuchosha.

Kotoha umwambie hakukosa, ni mgongo wa babu unaouma. Mwonyeshe panapouma, halafu mwonyeshe pasipouma. Mtoto anataka tu kujua akae wapi.