Mashine ya Kukereza ya Baba

Jumatatu, 8 Juni 1998. Nachingwea.
Barua sita za kupiga taipu. Nimekosea mbili. Mawazo yote yako kwenye mashine ya baba ya kukereza mbao.
Arobaini ya baba ilikuwa jana. Binamu yangu Mfaume hakungoja hata mikeka ikunjwe: Jumamosi anaichukua mashine, aipeleke Ruangwa. Kwa mila zetu ana haki. Yeye ni mtoto wa dada wa marehemu; mimi ni mwana tu. Mama yake, Shangazi Somoe, akasema ikae kwa atakayeitumia.
"Huyu karani?" Mfaume akadakia. "Anaogopa hata kisu cha vitunguu!"
Watu wakacheka. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 9 Juni
Kutoka kazini, moja kwa moja kwenye kibanda cha kazi cha baba. Mashine inaendeshwa kwa mguu, kama cherehani. Niliizungusha tupu, nikakimbilia nje. Niliwahi kuona mti ukichomoka humo ukamng'oa baba jino.
Miaka ishirini na mitatu nyumbani kwa fundi, najua kuandika maombi ya likizo. Baba hakunifundisha. Sikumwomba. Wapumbavu wawili, Mungu anisamehe.

Jumatano, 10 Juni
Kipande cha mninga mkavu. Nimekifunga kwenye bamba la mashine kwa skrubu nne, ndefu kuliko zote kwenye kopo la baba, kisije kikaruka. Nje bakuli limeshakuwa mviringo. Patasi imenasa mara tatu. Mara zote nilipiga kelele.

Alhamisi, 11 Juni
Nilichimba ndani. Maranda yakatoka laini, marefu. Nikaanza hata kuimba. Kisha cheche! Ncha ya patasi ya baba imevunjika.
Skrubu. Nimezifikia humo kwenye kitako. Bakuli langu la kwanza lina matundu manne.
Nimelipiga teke. Fundi yeyote angechukua skrubu fupi. Mimi nilichukua ndefu kwa woga. Nauchukia woga huu.

Ijumaa, 12 Juni
Sikugusa kitu. Sikula.

Jumamosi, 13 Juni
Mfaume amekuja na pikapu, na mama yake. Akapitisha kijiti kwenye tundu la bakuli.
"Mama, tazama, karani katengeneza filimbi!"
"Liweke chini," nikasema. Nikarudia. "Liweke chini! Limetoboka, lakini nimelikereza mimi. Wewe umekereza nini?"
Shangazi naye akamuuliza hilo hilo. Mfaume akababaika: yuko mteja Ruangwa, anaingoja mashine.
"Kumbe unakwenda kuuza jasho la kaka yangu!"
Maneno makali yaliyofuata yalikuwa ya Kimwera, lugha yetu. Dereva akageuza uso. Pikapu ikaondoka tupu.
Shangazi kalichukua bakuli, ataoshea choroko. "La pili, baba, liweze kutiwa mchuzi."

Jumapili, 14 Juni
Mguu umevimba. Nimefagia kibanda, nimenoa patasi. Imefupika kidogo.
Bado naiogopa mashine. Nimeketi kando yake mpaka adhuhuri, bila kuizungusha.