Rula ya Babu na Geti la Ndama

Muthara, Tigania
4 Mei 2024

Kwa Mjomba Munyi,

Muga, Mjomba. Natumai barua hii imekukuta mzima, goti limetulia na chai ya Kibugu inachipua. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu, ingawa ameniambia nisiandike kwamba anakusalimu. Basi hujasikia kutoka kwangu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu iliingia ndani ya tanuri. Usiniambie pole. Imeyeyuka pamoja na pistoni kuukuu za bodaboda, kwa hivyo siku injini yetu itakapolia, ujue ni simu yangu inaita.

Sasa maneno yenyewe. Kairu, ng'ombe wetu, ana mimba. Mama alisimama mlangoni pa kibanda changu, mikono kiunoni, akatoa hukumu: "Kairu akizaa, hapa ni pa ndama. Hiyo injini yako iwe imewaka, la sivyo ikae kwa mvua, na wewe uende Laare ufunge miraa kama wenzako." Mjomba! Mikono hii ifunge miraa?

Kwa hivyo tugawane kazi. Mimi nachonga maumbo ya silinda na lile gurudumu zito, flaiwili, kwa mti wa muringa, kwa kisu na patasi, nikipima na ile rula ya shaba ya marehemu babu uliyonipa siku tuliyomzika cucu, mama yenu. Nitayazika mchangani, niyatoe polepole, halafu nimimine alumini kwenye shimo litakalobaki. Wewe na hiyo printa ya kujenga vitu vya plastiki uliyojinunulia ukistaafu, nitengenezee umbo la kichwa cha silinda. Lina vitundu vingi na mimi kuchonga vitundu sina subira. Vipimo tufuate mchoro wako, sote wawili.

Usione haya kuniuliza ukikwama. Najua niliacha shule kidato cha pili, lakini ni kwa sababu walimu waliishiwa na vya kunifundisha.

Mpwa wako,
Mithika


Kibugu, Embu
17 Mei 2024

Mpwa wangu Mithika,

Salamu nyingi. Barua nimeipokea. Goti ni lile lile, chai inachumwa, na mimi ni mzima kwa neema ya Mungu.

Walimu wako nawajua. Hawakuishiwa, walichoka.

Ndani ya katoni hii kuna umbo la kichwa cha silinda, nimelifunga kwa gazeti. Printa ililijenga kutwa nzima, uzi wa plastiki juu ya uzi, nami nimekaa mbele yake kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Nimelipiga msasa na kulipaka rangi ili lisishikwe na mchanga. Kila kipimo ni kama kilivyo kwenye mchoro, nimehakikisha kwa kipimo changu cha chuma. Usilichonge, usilipunguze, usilitie ujuzi wako.

Mwambie dada yangu kwamba salamu ambazo hakunitumia zimefika.

Mjomba wako,
Munyi


Muthara
11 Juni 2024

Mjomba mpendwa,

Hujambo? Na printa haijambo? Nauliza kwa sababu nadhani ina utapiamlo.

Nimemimina vyote. Silinda imetoka safi kama yai. Niliipeleka Laare kwa Kailemia, yule fundi wa kukereza chuma, akaipima kwa vyombo vyake, akalinganisha na mchoro, akaipima tena. Akauliza, "Hii amechonga nani?" Nikamwambia, "Unaongea naye." Ni sawasawa na mchoro, Mjomba. Flaiwili hivyo hivyo.

Halafu nikaweka kichwa chako juu. Bolti ya kwanza imeingia. Ya pili nimeisukuma kwa nyundo. Zilizobaki zinatazamana na matundu ya silinda kama mashemeji waliokosana. Kichwa chako ni kidogo! Umenitumia kichwa cha kuku kwa shingo ya fahali.

Kompyuta nzima, na umeme, na miwani miwili uliyonayo, vyote vimeshindwa na kisu cha kidato cha pili. Kama macho yamechoka sema tu, si aibu kwa umri wako. Nitumie kingine, na hiki kiwe cha kipimo. Tumbo la Kairu sasa linapita mlangoni kwa shida.

Mpwa wako fundi,
Mithika


Kibugu
19 Juni 2024

Mithika,

Salamu.

Nimepima tena. Faili ni sahihi na umbo lilikuwa sahihi. Nilifanya kazi ya upimaji wa mashamba hadi nikastaafu, na hakuna mtu aliyewahi kurudi kuniambia shamba lake limepungua njiani.

Mbao hunywa maji ya hewa. Ukiwa tayari kukubali kwamba mbao zako zilivimba, andika. Kabla ya hapo, nina chai ya kuchuma.

Munyi


Muthara
1 Julai 2024

Mjomba,

Hujambo. Mbao zangu hazijavimba. Aliyevimba ni wewe.

Mpwa wako asiyekosea,
Mithika


Muthara
12 Agosti 2024

Kwa Mjomba wangu Munyi, kakake mama yangu, ambaye bado ananipenda,

Muga, muga, Mjomba. Goti linaendeleaje? Chai je? Mimi ni mzima, isipokuwa vidole viwili.

Julai yote hukujibu. Nilisema kosa ni la dereva wa mizigo anayetubebea barua. Mama akasema, "Si dereva." Alikuwa ameipata barua yako ya mwisho kwenye msumari wa kibanda, na akanilazimisha nimweleze nilijibu nini. Nilipomweleza alikaa kwenye ndoo. Wiki hiyo Kairu alikuwa anakataa nyasi, basi kesi ikafunguliwa: nimemkasirisha mjomba, na hasira ya mjomba huingia zizini kabla ya kuingia nyumbani. Nilimwambia Kairu anakataa nyasi kwa sababu ni za jana. Haikusaidia. Asali iliyo kwenye katoni hii inatoka kwake, ni ya kukulainisha. Ilale vizuri kooni.

Lakini sikuandika kwa sababu ya asali. Sikiliza yaliyonipata.

Mama aliniagiza nitengeneze geti la ndama. Geti la kunifukuza mimi kibandani mwangu, nilitengeneze mimi mwenyewe! Jirani yetu Mbae alichimbia nguzo, akapima kwa futi yake ya kukunja: futi nne kati ya nguzo na nguzo. Mimi nikapima geti kwa rula ya babu, futi nne kasoro unywele, nikapigilia misumari, nikalibeba hadi pale watu wakiniona.

Halikuingia.

Nikasukuma kwa bega. Halikuingia. Mbae akacheka hadi akashika nguzo. Mama naye, "Fundi wa injini! Ameshindwa na geti!" Nikasema nguzo zimekosea. Mbae akasema geti limekosea. Tukapima geti kwa futi yake, limezidi. Tukapima kwa rula yangu, liko sawa. Nikakimbia nyumbani nikaleta rula ya plastiki ya shule, ya siku zile nilipokuwa nawasaidia walimu. Ikakubaliana na Mbae.

Mjomba, rula ya babu ni ndefu. Kwa futi moja inazidi kwa unene wa punje ya ndengu. Inchi zake ni nono, zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa hivyo nimekaa nikafikiria. Kama rula ni mbaya, basi silinda yangu ilipaswa kutoka kubwa. Lakini Kailemia aliipima kwa vyombo vyake na ikawa sawa! Na chako kilichopimwa vizuri ndicho kilitoka kidogo. Hapo nikashikwa na kichwa.

Naiweka rula kwenye katoni uitazame. Mimi sijakosea, na wewe labda hujakosea. Tumlaumu marehemu, yeye hawezi kujibu barua.

Haraka tafadhali. Kairu ameanza kutoa maziwa ya mwanzo.

Mpwa wako mnyenyekevu (kwa barua hii tu),
Mithika


Kibugu
20 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Salamu. Asali imefika na imefanya kazi yake. Goti limepoa kidogo.

Nilipoitoa rula hiyo kwenye gazeti nilikumbuka kitu. Nikiwa darasa la sita niliiba rula hiyo sandukuni mwa baba nikaenda nayo shuleni kuchora pembetatu. Jioni alinichapa hadi mama yako akalia kwa niaba yangu. Baba alikuwa na rula mbili, na hii ilikuwa ya kazi ya kuyeyusha chuma peke yake, pale karakana ya reli. Hakutueleza sababu. Baba hakuwa mtu wa kueleza.

Sababu ni hii, nimeisoma na kuihesabu mwenyewe. Chuma kikiwa moto ni kipana, kikipoa husinyaa. Umbo linalozikwa mchangani lazima lizidi kidogo, ili kinachotoka kikipoa kirudi kwenye kipimo. Ndiyo maana inchi za baba ni nono. Ukichonga kwa rula hiyo, unapata kipimo bila kufikiri, na sote tunajua wewe hukufikiri. Printa yangu ilisema ukweli mtupu, na ukweli ukapoa ukawa mdogo.

Sikulijua jambo hilo. Ningepaswa kuuliza kabla ya kukuandikia kuhusu mbao.

Nimeiambia kompyuta inenepeshe kila kipimo kwa hesabu ya punje yako ya ndengu kwa kila futi. Kichwa kipya hiki hapa. Wahi.

Rula nabaki nayo kwa sasa. Nataka kuiangalia angalia.

Mjomba wako,
Munyi


Muthara
7 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Muga. Upo? Sisi tupo, na tumeongezeka.

Kairu alizaa siku ile ile katoni yako ilipofika. Ndama jike, mweusi, miguu kama ya meza mbovu. Mama akanitazama, nikatazama katoni. Akasema ndama atakaa na mamake mpaka amalize maziwa ya mwanzo, halafu kibanda.

Nikamimina kichwa. Nikakipoza. Nikakiweka juu ya silinda nikiwa nimefumba macho, usiniulize kwa nini, na bolti zikaingia zote kwa vidole, Mjomba, bila nyundo. Kailemia alikuja mwenyewe kutoka Laare kuangalia, na akaniazima plagi ya kuwashia.

Jumamosi iliyopita niliizungusha flaiwili hadi mkono ukafa ganzi. Ikakohoa. Ikatema moshi. Ikakaa kimya hadi Mbae akaanza kutafuta jina la kunipa. Halafu ikashika. Tap, tap, tap, ikaendelea mpaka mafuta ya kikombe yakaisha. Haisukumi kitu chochote. Inazunguka tu. Hujawahi kuona kitu kizuri namna hiyo, na umeishi miaka mingi sana.

Mama alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa. Nilingoja aseme kuhusu moshi. Akauliza, "Hii ilipimwa na rula ya baba?" Nikamwambia ndiyo, na upande wako pia, kwa hesabu. Akaenda kukaa jikoni kidogo.

Aliporudi nilikuwa nimeshika msumeno, nataka kulipunguza lile geti liingie kati ya nguzo za Mbae. Akanipokonya msumeno. "Hilo usilikate." Tukalibeba wawili tukaliingiza ndani, tukalisimamisha katikati ya kibanda na kulifunga kwa waya. Sasa ndama yuko upande ule, injini upande huu. Ikilia hashtuki. Ikipoa anapitisha ulimi kati ya mbao, anailamba flaiwili.

Miraa ya Laare itafungwa na wengine.

Halafu Mama akauliza rula iko wapi. Nikasema iko Embu, Mjomba anaiangalia angalia. Ameniambia nikuandikie hivi, na safari hii amesema niandike kwamba ni yeye amesema: usiitume kwa katoni. Uilete kwa mkono wako. Chai ya Kibugu itajichuma siku mbili.

Mpwa wako,
Mithika