Kuvuta Kamba Mara Ine

Elisabethville

Mwipwa wangu Mwape, kule Kilwa ya kando ya ziwa,

Ni yomba yako, ndugu ya mama yako, anakuandikia, muntu mwenye muji muzima wa Elisabethville unakunywa maji kwa sababu yake. Bazungu, bantu ba kampi, mpaka farasi ya polisi: siku nitaacha kazi, bote batakauka.

Mama yako iko muzima? Mugongo wake umepoa? Mie niko muzuri, ila sikio ya kushoto inalialia.

Barua yako imefika. Unauliza kama ukuje tufanye wote hii kazi ya kushuka mu maji. Sikia kwanza ile ilinifikia.

Kwa baraji, ule ukuta wa kufunga maji ya muto, kuko byuma bya kuzuia takataka. Miti ikibiziba, patron, muzungu mukubwa wa kazi, ananivalisha kofia ya shaba, nzito kama mbuzi mbili, na biatu bizito bya chuma ya risasi. Pumuzi inashuka mu mupira murefu, juu banazungusha pompi ya kuisukuma. Kamba anashika Kabeya, rafiki yangu wa Kasai. Nikivuta mara moja, niko muzuri. Mara ine, banitoe.

Lakini unanijua. Kila muti nilitoa, nilivuta kamba hata mara kumi, Kabeya ajue kama mukubwa iko kazini.

Siku moja muti munene kama kiboko (Kabeya anasema kama mukono, asikudanganye) uliangukia mupira. Pumuzi ikapunguka. Nikavuta kamba mbio mbio, bila kuhesabu. Kule juu, alinielezea kisha, Kabeya alicheka: "Muone huyu muzee, anajisifu mpaka chini ya maji." Hapana mwenye alinivuta.

Mwipwa, nilijua kama majivuno yangu inaniua. Na vile naogopa, ndiyo pumuzi inaisha mbio. Nikaanza Salamu Maria. Masomo yangu unaijua: nilifika katikati, nikasahau, nikarudia mwanzo, polepole. Mara ya tatu nilianza kupumua kidogo kidogo. Nikafuata mupira na vidole mpaka kwa muti, nikausukuma na goti. Pumuzi ikarudi, kidogo. Kisha nikavuta kamba: moja. Mbili. Tatu. Ine. Kama muntu anabisha hodi kwa bakwe.

Bakanitoa. Nikamuuliza, "Kabeya, ulitaka kuniua?"

"Yaya, mukubwa wangu, kuvuta kwako kwa mbio nimekuzoea. Leo ulivuta na heshima. Ndiyo niliogopa."

Tangu ile siku sivute kamba bule. Woga unakula pumuzi kuliko kazi, na ile haifundishwe na mudomo. Ule muti ndio ulinifundisha. Zungumuza na mama yako, kisha unijibu. Patron anatafuta muntu wa kuzoea maji.

Umusalimie mama yako, na nkambo, ule muzee wetu mwenye kuuza chumvi. Na katekisti, umwambie ile nusu ya sala alinifundisha ilitosha.

Yomba yako,
Sambwe

Kuko neno moja, usilisome mbele ya bantu. Ukikuja, kwanza twende mu muto, mbali na Kabeya, unifundishe kuogelea. Hapa bote banajua mie ni mutoto wa ziwa. Sijue kuogelea, mwipwa. Nashuka tu, sababu biatu iko nzito.