Maji ya Kumwosha Zuberi

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba. Barua yako imenikuta hapa Majoreni, mimi mzima ila magoti. Nyanya yako anakusalimu. Mbuzi wake amezaa pacha. Waniuliza kama yule shujaa wako wa vitabu vya picha ana haki ya kumuua mtu mwovu.

Mwaka wa Uhuru, Zuberi, mtu wa hapa hapa kijijini, aliichoma nyumba ya mjane, na mjane yumo ndani. Wala hakukana. Kaka yangu Salimu alimfuata mikokoni akamuua kwa panga. Aliporudi, alipigiwa vigelegele.

Kisha mwalimu wa madrasa akasema, "Zuberi ni Muislamu. Ataoshwa."

Wanaume wote wakatazama chini. Salimu akakunja mikono ya kanzu, nami nikashika kata ya maji.

Nilimimina, naye akaosha mara tatu, kama ipasavyo. Akaanza tena. Mara ya tano, ya saba. Lile jeraha alilolitia mwenyewe lilikuwa bado linavuja.

"Kaka, yatosha," nikamwambia.

"Hajatakata. Ongeza maji."

Mtungi ukaisha. Nikaenda kisimani, nikarudi, nikaenda tena.

Salimu hakusema kamwe kwamba alikosea, na mjane yule namlilia hadi leo. Lakini ulipokuja likizo nilivipekua vitabu vyako vyote. Mwovu akishaanguka, ukurasa hufunuliwa. Sikuona hata picha moja ya mtu anayemwosha.

Ni mimi babu yako, niliyeshika kata.