Aliyelazwa Kando ya Tanuri

Shamba la Withycott,
Somerset.
Septemba 9

Kaka Clement mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Australia, wewe na wifi Noreen na watoto. Sisi hatujambo. Mvua ilituonea huruma tukavuna, kondoo wamenona, na Mama bado ananisema kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe.

Wale wataalamu wa mambo ya kale wamemaliza kuchimba shamba la mteremkoni. Kumbe miaka yote tulikuwa tunalima juu ya nyumba za wakulima wenzetu wa enzi za Warumi! Zimeonekana kuta, zizi, vigae, na tanuri la kukaushia nafaka. Mama alijiwekea kiti ukingoni mwa shimo, kazi yake kuwatania, eti kwa mwendo ule Krismasi itawakuta humo humo.

Kisha Jumanne, chini ya sakafu kando ya tanuri, wakakuta mifupa ya kichanga. Mama akauliza kwa ukali kama alitupwa. Rosalind, mkuu wao, akamwambia hapana, amelazwa vizuri, kwa ubavu. Wakubwa walizikwa mbali, ila vichanga watu wale waliwaweka nyumbani. Mama akalia, Clement. Mama yetu, ambaye hata siku ya kumzika Baba alikuwa anahesabu sahani!

Tulipofika jikoni akanieleza. Kaa chini kwanza. Miaka yote umejidai kifungua mimba. Pole sana, si wewe. Kabla yako alizaliwa mvulana, akiwa amekwisha kufa. Mkunga akamfunga kwenye taulo akatoka naye, na Mama akaambiwa aende nyumbani akajaribu tena. Uso hakuuona. Alikozikwa hakuambiwa, na Baba hakutaka jambo hilo litajwe. Mama alichotaka ni kimoja tu: kujua mwanawe yuko wapi kabla yeye mwenyewe hajafa.

Nilipiga simu mpaka sikio likauma. Mtunza makaburi wa mjini, Mungu ambariki, ndiye aliyetufumbulia fumbo: siku zile kichanga wa namna hiyo aliwekwa katika jeneza la mtu mwingine. Wetu alizikwa pamoja na bibi kizee asiye na ndugu, Hester Lovibond. Niliogopa Mama atachukia.

Jana nilimpeleka kaburini. Akaweka maua, akalipapasa jiwe la kaburi, akasema, “Asante, bibi, kwa kunilelea mwanangu.”

Amempa jina Edwin. Tunawabusu nyote.

Mdogo wako,
Avis