Bunduki ya Bega la Kushoto

Mpendwa Dada Zuhura,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kukaa kimya miezi kumi na minne. Simu zako niliziona, na salamu zako kupitia kwa binti yangu Salma zilinifika. Sikujibu kwa sababu nilikuwekea kinyongo. Ulipokuwa hapa kwetu Al Twar, huku ughaibuni, mara ya mwisho, wewe peke yako uliniona nikiukwaruza ukuta wa geti wakati wa kurudisha gari nyuma. Wiki ile ile uliporejea Unguja, binti yangu akaanza kuniuliza kama ninaona vizuri upande wa kulia. Nikajua umesema. Mwezi uliopita nilimbana, naye akacheka: "Baba, rangi ya gari ilibaki ukutani! Nilihitaji kuambiwa na Shangazi?" Basi nilikudhulumu, Dada, na sina namna ya kuipamba dhuluma hiyo.

Ninakuandikia pia kwa sababu nina swali ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai anayeweza kulijibu.

Tangu mke wangu alipofariki, Feisal, mume wa Salma, hunichukua kila Ijumaa alasiri kwenda klabu ya kulenga shabaha, nje ya mji. Mtambo hurusha angani visahani vya udongo, vya ukubwa wa kisahani cha chai, na mtu huvitungua kwa bunduki ya marisau, ile inayotawanya chembe ndogo nyingi badala ya kutoa risasi moja. Siku ya kwanza nilidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Siku ya tatu niliwahi kuvaa viatu kabla Feisal hajafika. Nimekuwa nikitumia bunduki za klabu, ambazo kila mtu hushika. Sasa ninataka ya kwangu, ya kwanza maishani. Karatasi za kibali zinashughulikiwa, na hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza.

Feisal anaisifu bunduki ya mtutu mmoja inayojipakia yenyewe, eti haisukumi bega kwa nguvu. Yake ni ya aina hiyo. Ikikwama, yeye huilaumu risasi. Sikumwamini. Muuzaji wa dukani, mtu wa Shamu mwenye sauti laini kupita kiasi, alinitolea yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ubavuni imechongwa maua na ndege. Nilimwuliza kama maua yale huongeza shabaha.

"Hajji, yanaongeza heshima," alinijibu kwa Kiarabu.

Heshima nilikwenda nayo kutoka nyumbani. Nilimrudishia.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu wetu wa klabu, Mwende, mwanamke wa Machakos aliyekuwa mlinzi wa hoteli kabla ya kusomea kazi hii. Kiswahili chake kingenitia homa zamani nilipokuwa nikisomesha, lakini anaijua kazi yake. Alisema nisitazame maua wala jina la kiwanda. Nitazame uzito ninaoweza kuuinua mara mia bila mkono kutetemeka, na urefu wa kitako, yaani ule mti unaoegemea begani. "Ukiinua, ikuje yenyewe hapa kwa shavu. Ukianza kuitafuta na shingo, hiyo si yako, Mzee."

Hilo nililikubali. Tatizo lilikuwa kwamba katika visahani ishirini na vitano nilikuwa ninatungua vinne, mara nyingine vitano. Siku moja alinisimamisha.

"Mzee, unalenga poa sana, lakini unapiga mahali kisahani hakipo. Hebu nyosha mikono. Fanya katundu kadogo na vidole, uniangalie mimi, macho yote wazi."

Nikafanya.

"Aha! Naona jicho ya kushoto tu. Hiyo ndiyo bosi. Wewe umeweka bunduki kulia na bosi amekaa kushoto. Mtaelewana aje?"

Akaniambia nina njia mbili. Ninaweza kubandika kipande cha utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani, ili jicho hilo lisiingilie, nikaendelea na bega la kulia. Au nihamie bega la kushoto na ninunue bunduki ya mashoto, ambayo kitako chake kimepindwa kidogo kuelekea upande huo. Bunduki ya mashoto haimfai mtu wa kulia, na ya kulia haimfai mashoto. Lazima nichague.

Siku mbili baadaye nilirudi dukani. Kabla sijafungua kinywa, muuzaji akaingia stoo, akatoka na bunduki ya mashoto. "Imekaa ikikusubiri wewe, hajji." Kwenye triga palikuwa na vumbi. Nikajiuliza: huyu amejuaje? Mwende na muuzaji lazima walikuwa wameelewana wanibambikie bidhaa isiyo na mnunuzi. Ijumaa nilimwuliza Mwende uso kwa uso.

"Mimi? Mzee, huyo jamaa hata nikimsalimia hajibu! Muulize Feisal wako."

Nikamwuliza Feisal. Akakiri kwamba alimpigia simu. "Nilitaka kukurahisishia tu, Baba." Mtu anayenirahisishia jambo bila kuniambia, mimi humtazama mara mbili.

Basi nilijipima mwenyewe, jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Nilifanya tundu kwa vidole, nikaitazama saa ya ukutani. Nikifumba jicho la kulia, saa ipo. Nikifumba la kushoto, saa haipo. Nilirudia mara tisa. Mwende hakudanganya, wala duka halikudanganya, na hapo ndipo hofu ilipohama kwao ikaja kwangu. Je, ikiwa jicho la kushoto linatawala kwa sababu la kulia linakufa? Ukuta wa geti uko upande wa kulia. Maswali ya Salma ni ya upande wa kulia. Sasa hata Ijumaa za Feisal ninazitilia shaka: huenda hanipeleki kucheza, ananipeleka kupimwa, ili siku moja waketi mbele yangu kwa adabu na kuniomba funguo za gari. Baada ya hapo nitakwenda msikitini na kaburini kwa mke wangu pale tu mtu atakapopata nafasi.

Lakini kuna jambo ninalolikumbuka, na hili ndilo swali langu.

Ninakumbuka tukila kwenye sinia, nawe umeuwekea goti mkono wangu wa kushoto usitoke. Ninakumbuka Mama akisema, "Mkono huo ni wa chooni," na nilipokuwa sisikii, akaushona mkono wa kushoto wa kanzu yangu, ukafungwa kama mfuko. Nadhani sikuwa nimeanza chuo cha Kurani. Kisha kuna siku moja nyuma ya nyumba: umepanga mikebe ya maziwa juu ya ukuta, umeukata ule uzi kwa meno, unaninong'oneza, "Rusha upesi, Mama yumo jikoni." Niliangusha mikebe mitatu kwa mkono ule uliokatazwa. Jioni Mama aliushona tena kwa uzi maradufu, na kwa miaka yote hii niliamini kwamba wewe ndiye uliyenichongea. Baada ya jambo la geti, ninadhani Mama aliziona nyuzi zilizokatika.

Hata hivyo, Dada, ninaishuku pia kumbukumbu yenyewe. Imekuja safi mno, katika wiki ile ile ninayoihitaji. Huenda nimeitunga jikoni ili jicho langu la kulia lipone. Wewe ulisimama kando ya mikebe, ukinitazama usoni. Niambie: siku hiyo ilikuwapo? Na kama ilikuwapo, nilipolenga, nilifumba jicho gani?

Ijumaa iliyopita Mwende alinipa bunduki ya mashoto ya klabu nijaribu. Nilitungua visahani kumi na kimoja. Nilimtuhumu kwamba amemwambia mwenye mtambo arushe vya polepole; akaniapia kwa mama yake kwamba hakufanya hivyo. Nilifurahi kuliko inavyomstahili mtu wa umri wangu, na nikageuka upande ili Feisal asiuone uso wangu.

Kwa daktari wa macho nitakwenda Jumatano, tena kwa miguu yangu, bila Salma kujua. Hata hivyo nataka kuketi mbele yake nikiwa na neno lako, hata kama ni la simu. Ukisema nilifumba la kulia, nitajua nimezaliwa hivi, nami nitaichukua ile ya mashoto pamoja na vumbi lake. Ukisema nilifumba la kushoto, au kwamba hapakuwa na mikebe wala ukuta, sitanunua bunduki yoyote, na funguo nitazipeleka kwa Salma mwenyewe kabla hajaniomba. Usinionee huruma katika jibu lako. Utakalosema nitalichukua kama lilivyo, wala sitakwenda kuuliza kwa mtu wa pili.

Nikishaamua nitakuandikia, nawe utajua kabla ya Salma na kabla ya yule wa dukani.

Ni mimi, mdogo wako,
Masoud