Kura Nne Kwenye Mkebe wa Kimbo

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwako mdogo wangu Billy,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Aluoch. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Mombasa halijakumaliza, maana wewe hata ukiketi karibu na jiko la makaa ulikuwa unalalamika. Sisi huku tupo. Mama ni mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua, lakini kila asubuhi yuko kwa meza yake ya omena na mdomo wake haujapungua hata kidogo. Mimi bado nafundisha darasa la tatu kule Kianda. Baba si mzima, na ndiyo sababu nimekaa chini kuandika.

Najua utacheka, siku hizi nani anaandika barua. Lakini kwa simu, nikitaja tu Baba, unaniambia netiweki ni mbaya halafu unakata. Hii ataileta Khamala, yule jirani wetu wa lori, anaondoka kesho na mzigo wa Changamwe. Ndiye aliyetuambia umepata kazi ya jikoni kwenye meli, kwamba mnang'oa nanga tarehe ishirini na mtakuwa baharini miezi tisa. Billy, Baba hana miezi tisa. Figo zimekataa, kila Jumanne na Ijumaa tunampeleka kusafishwa damu, na sasa moyo nao umechoka. Daktari alituita pembeni mimi na Mama, akasema kama tuna mtu wa mbali, tumwite sasa.

Habari ya meli yako tulimpa Baba akiwa amelala, akaamka akakaa. Alitaka kujua inabeba nini, ina bendera ya nchi gani, na huko jikoni ni nani anayegawa nyama. Sasa kila anayekuja kumwona lazima asikie kwamba kijana wake ni baharia. Mzee Wambua wa mbao ameshaambiwa mara tatu na kila mara anashangaa upya, Mungu ambariki. Kitu kimoja tu Baba hajauliza, kama utapita nyumbani kwanza. Hajauliza hata mara moja, na inaniuma kuliko kama angeuliza.

Nikikaa naye siku hizi tunarudia mambo ya zamani. Juzi alikuwa anasimulia vile alivyokipata kile kitabu chetu. Unakumbuka Mama alikuwa ananunua karatasi kuukuu kwa kilo, za kufungia omena. Baba akachomoa kitabu kisicho na jalada, kinaanzia ukurasa wa arobaini na moja, kinanuka samaki, kinahusu maharamia wa kale. Mama akamwambia arudishe, hiyo ni karatasi ya wateja. Hakurudisha. Jioni alikuwa anatoka karakana ya makochi na vipande vya sponji kichwani, anaketi kwenye lile kochi ambalo mteja hakurudi kulichukua, anatusomea Kiingereza, anatufasiria kwa Kiswahili, na vita vikichacha anahamia Kijaluo bila kujua. Na huyu ni mtu aliyezaliwa Uyoma kando ya ziwa na hajui kuogelea. Mvua ikinyesha, kuruka mtaro pale Sarang'ombe alikuwa anaomba Wambua amshike mkono. Lakini muulize tanga la mbele linafungwaje, atakueleza mpaka chai ipoe.

Wizi wa wale maharamia hakuupenda, unajua jinsi alivyokuwa mkali kwa kitu cha mtu. Alichopenda ni sheria zao. Alisema wale walikuwa watu waliopigwa viboko kwenye meli za matajiri, wakakimbia, wakakaa chini wakaandika sheria bora kuliko za wale waliowatoroka: kila mtu ana kura moja, kapteni anaamuru wakati wa vita tu, anayegawa chakula anachukua wa mwisho, na aliyeumia analipwa fidia. Akaziandika kwa chaki kwenye mabati ya ndani, na sisi tukaishi kwa hizo. Ulipokatwa kidole cha mguu na bati ulilipwa chapati moja ya ziada kwa wiki nzima, na mimi nikatamani nikatwe pia. Mama akawa mgawaji. Alisema ni upuuzi, lakini sufuria yake ikigawiwa yeye alichukua wa mwisho, mpaka leo.

Bendera je? Tulikata sketi yangu kuukuu ya shule, nyeusi, tukachora fuvu, tukaisimamisha juu ya mlango. Kesho yake Everlyne wa kanisani akaja na akina mama wanne kukemea pepo wa ploti yetu, na Kaveke, mtunzaji wa nyumba, akasema ama bendera ishuke ama sisi tuhame. Baba hakubishana. Aliitisha kura, fuvu likafutwa, pakachorwa omena mmoja mwenye macho makubwa. Everlyne aliiombea baraka. Nilicheka siku ile mpaka nikaumwa mbavu.

Kura zetu unazikumbuka vizuri, najua, maana moja ndiyo iliyokufukuza. Mkebe wa mafuta ya Kimbo ukizunguka chini ya leso, punje ya mahindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Kura zikilingana, meli haiondoki. Na sheria iliyozipita zote ni kwamba kura ya mtu haiulizwi wala haitajwi. Ulikuwa na miaka kumi na saba, yule wakala wa meli alikuwa amekupatia nafasi ya msaidizi wa mpishi, na kwa umri wako mzazi alitakiwa kutia sahihi. Baba angeweza kutia tu. Lakini haikuwa vita, kwa hivyo akatoa mkebe. Mama alitangaza mapema kwamba yeye hawezi kumpeleka mtoto wake kwa maji. Tulipomwaga mkebe zikatoka mahindi mawili na maharagwe mawili.

Ukahesabu hapo hapo. Yako ilikuwa ndiyo, ya Mama hapana, na mimi dada yako niliyechora ramani pamoja nawe nisingeweza kukunyima. Ukamsimamia Baba mlangoni ukamwambia yeye ni baharia wa mdomo, mwoga wa mtaro anayetaka watoto wake wawe waoga kama yeye. Ploti nzima ilisikia. Wakala hakungoja, nafasi ikaenda kwa mwingine, na ulipofikisha miaka kumi na minane ukabeba begi. Ni miaka sita sasa na hujawahi kumsalimia.

Billy, haragwe la pili lilikuwa langu.

Sitakudanganya kwamba nilikuogopea. Niliona wivu. Kitabu kile nilikisoma mimi kabla wewe hujajua kusoma, nilijua majina ya matanga yote, na Baba mwenyewe alikuwa ametusomea habari za wanawake wawili waliopigana melini kama wanaume. Nilikuwa nimeshaanza kujiona huko. Halafu wakala akaja akakuangalia wewe mvulana, mimi akaniomba maji ya kunywa. Nilipotia mkono mkebeni nilikuwa na hasira, nikasema basi, tubaki wote. Nilidhani utanuna wiki moja. Ulipomtukana Baba nilifungua mdomo niseme, nikaogopa macho yako, nikaufunga. Aibu yake nimetembea nayo kila siku. Nisamehe, ndugu yangu, kama unaweza.

Wiki iliyopita nilimwambia Baba nikimwosha miguu. Nilidhani atashtuka. Akasema alijua tangu siku ile. Yeye alitia hindi, Mama alishatangaza lake, na wewe usingejipinga mwenyewe, sasa ni nani aliyebaki. Nikamuuliza kwa nini aliacha umtukane mbele ya watu na kweli anaijua. Akasema kura ya mtu haitajwi. Akasema pia kwamba wewe ulikuwa tayari unaondoka, na hakutaka kupoteza watoto wawili siku moja. Kisha akanikataza nisikwambie, eti yeye ameshazoea. Mama alipoketi nasi nikamwambia naye. Alilia, kwa sababu miaka sita yote amekuwa akimshukuru Baba kimoyomoyo kwa kumuunga mkono.

Nimemkatalia Baba. Anaweza kuwa kapteni anavyotaka, lakini hawezi kufa na kosa langu.

Khamala anageuza lori kurudi huku Alhamisi asubuhi na nimemwomba akuwekee nafasi. Ijumaa Baba anatoka kusafishwa damu saa nane, na baadaye huwa amechoka lakini akili yake iko sawa kabisa. Jumamosi ndiyo siku yake nzuri zaidi. Utarudi Mombasa siku zikiwa zimebaki kabla ya meli.

Usije kwa ajili yangu. Kama hutaki kuniona, sitalaumu. Nikisikia lori la Khamala nitatoka niende kwa Mutanu, mlango wa tatu kutoka kwetu, nikae huko mpaka mmalize maneno yenu. Ukiniita nitakuja. Usiponiita nitaelewa, lakini ingia kwake.

Mama anakusalimu, anasema uje na tumbo tupu. Wambua, Mutanu na watoto wa ploti wanakusalimu pia. Baba hajatuma salamu kwa sababu hajui naandika. Hizo utazipokea mwenyewe. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi dada yako,
Aluoch